Jua la Nyuma ya Kioo

Niliingia kazi ya eksirei kwa sababu ya mvua. Ilikuwa masika, mwaka wa pili baada ya Mapinduzi, na nilikuwa natoka Mlandege kutafuta kibarua. Mvua ikanikimbiza mpaka kwenye baraza ya hospitali, nikawakuta watu wanne wanahangaika kushusha kasha kutoka garini. Nikawa wa tano. Ndani ya kasha mlikuwa na matangi. Nilipouliza ya nini, mzee mmoja mwembamba mwenye kofia ya viua akaniambia, "Ukinyamaza nitakuonyesha." Sikunyamaza, lakini alinionyesha.

Mzee huyo alikuwa Bwana Haji, mpiga picha za mifupa. Matangi yalikuwa ya kuoshea filamu. Wakati huo nilikuwa nimeshaacha skuli darasa la nne, nimechuma karafuu, nimechoma chokaa, na nimekuwa tingo wa lori la nazi. Hakuna kazi niliyofukuzwa. Zote niliziacha mara nilipojua zinavyofanyika. Hii sikuijua yote hata siku niliyostaafu, ndiyo maana nilikaa.

Nyinyi mliobaki kazini, mnaoingiza filamu kwenye mashine upande mmoja ikatoka kavu upande wa pili, mmeniomba niandike tulivyokuwa tukifanya. Basi. Chumba cha giza kilikuwa na taa moja nyekundu na mlango wenye mapazia mawili. Filamu unaibana kwenye fremu ya chuma kwa pembe zake nne, unaitumbukiza kwenye dawa ya kwanza, unahesabu, unaisuuza, unaipeleka dawa ya pili. Dawa ya kwanza haipendi joto, na Unguja haina kingine. Bwana Haji alikuwa akinituma Darajani asubuhi kununua barafu kwa wauza samaki, tunaizungushia tangi. Kuna picha za vifua vya watu wazima zilizotoka hospitali ile zikinuka kibua. Hakuna mgonjwa aliyelalamika.

Miezi miwili ya mwanzo sikuruhusiwa kusema neno juu ya picha yoyote. Bwana Haji aliiweka kwenye sanduku la taa na kuniuliza, "Unaona nini?" Nikitaja mvunjiko ananikatiza. "Huo hata mgonjwa anaujua. Tazama pembeni." Pembeni ndiko nilikojifunzia kazi.

Aziza alikuja mwaka uliofuata. Aliletwa na Bi Mwanaidi, muuguzi aliyekuwa akizunguka Mji Mkongwe kupima watoto majumbani. Mtoto alikuwa na miaka miwili na nusu na hajasimama. Kichwa kikubwa kidogo, tumbo limetoka, vifundo vya mikono vimenenepa, na miguu imepinda kwa nje kama mishikio ya kikapu. Kila akipigwa na upepo anakohoa. Tulimpiga picha ya kifundo cha mkono. Mwisho wa mfupa wa mtoto mzima huwa umekatika vizuri, laini, kama chaki mpya. Wa Aziza ulikuwa umetanuka kama kikombe, na ukingo wake umechanguka kama mswaki uliotafunwa.

"Matege," Bwana Haji alisema. "Na bado mifupa ni milaini. Ikiwa milaini hivi inanyooka yenyewe, ukiipa inachotaka. Ikishakauka imepinda, basi tena."

Daktari wetu alikuwa mgeni, bado anajifunza Kiswahili. Kila alichokijua alikisema kwa maneno matatu. Alinyoosha kidole dirishani. "Jua. Kila siku." Kisha akamwandikia mafuta ya ini la samaki, chupa moja, maana ghalani zilibaki chupa chache na meli ya kuleta nyingine hakuna aliyeijua.

Nilimuuliza Bwana Haji jua na mfupa vinahusiana nini. Alinieleza kwamba ngozi ikipigwa na jua inatengeneza vitamini D, na vitamini D ndiyo inayoichukua chokaa iliyomo chakulani na kuifikisha kwenye mifupa. Mimi niliyewahi kuchoma chokaa nilimfahamu pale pale. Chokaa ipo, mawe yapo, fundi hayupo. Ukuta hausimami.

Bi Mwanaidi alitaka mtu wa kumbebea mzani na makopo ya maziwa, nami nilitaka kuona nyumba inayoweza kumficha mtoto jua katika kisiwa hiki. Tukaenda pamoja.

Nyumba ilikuwa kwenye kichochoro chembamba hata wapita njia wawili hupishana kwa mabega. Orofa tatu. Ua wa ndani ulikuwa kama kisima: jua linafika chini kwa dakika chache adhuhuri, kisha linaondoka. Aliyetawala humo alikuwa Bi Thuwaiba, bibi yake Aziza mzaa baba. Mwanawe alikuwa Mombasa kikazi. Tangu Januari ile ya sitini na nne Bi Thuwaiba hakutaka mtu wa nyumba yake aonekane mlangoni. Sababu hakunieleza na sikumuuliza. Mji mzima ulikuwa na sababu zake. Aziza alizaliwa ndani mwisho wa mwaka huo, na ndani ndimo alimokaa. Siku ya picha ilikuwa mara yake ya kwanza kuvuka kizingiti.

Mimi sikupita ngazi ya orofa ya kwanza. Mwanamume asiye wa nyumba husimama ngazini, akapaza sauti, akajibiwa kutoka juu. Mama wa Aziza, Rukia, alikuwa nyuma ya mlango uliofunguliwa kiasi cha kupitisha sauti.

"Hodi! Shikamoo, Bi Mkubwa!"

"Marahaba. Wewe ndiye uliyempiga mjukuu wangu mapicha?"

"Mie naosha tu, Bi Mkubwa."

"Ukamuosha, mbona hakutakata?"

Bi Mwanaidi, aliyekuwa keshafika juu, alicheka. Kisha akaeleza habari ya jua. Alimwambia Bi Thuwaiba ampandishe mtoto juu ya paa, kwenye ile sakafu ya wazi ya kuanikia nguo.

"Paani?" Bi Thuwaiba alisema. "Nyumba tatu zinatutazama. Wamuone na miguu ile? Kesho mji mzima unasema kwa Bi Thuwaiba kumezaliwa kaa."

Nyuma ya mlango nikasikia sauti ya Rukia kwa mara ya kwanza. "Mama, waseme. Mimi nataka atembee."

"Wewe nyamaza. Wewe huyajui maneno ya watu, mimi nnayajua."

Hapo ndipo nilipojitia werevu. Kutoka kichochoroni nilikuwa nimeona roshani ya orofa ya pili, imezungushiwa vioo vyeupe na vyekundu, na ilitazama mashariki. Nikapaza sauti nikauliza kama jua linaingia humo. Bi Thuwaiba akasema linaingia mpaka mapazia yamepauka. Nikasema basi, mkalisheni humo. Yeye anapata jua, na nyinyi hamuonekani, maana vile vioo vya rangi mtu wa chini haoni kitu.

Kisha Bi Thuwaiba akasema, "Huyu kijana ana akili. Nani jina lako?"

"Kombo."

"Mpeni Kombo kahawa."

Bi Mwanaidi naye hakuona kasoro. Tulirudi hospitali mimi nikitembea kama niliyevumbua eksirei.

Kwa miezi mitatu Rukia alimpakata binti yake kwenye roshani ile kila asubuhi. Chupa ya mafuta iliisha mwezi wa kwanza, na nyingine hazikuja. Sikuwa na wasiwasi. Kila nilipopita kichochoroni nilitazama juu nikaona kivuli nyuma ya kioo chekundu, moyo ukatulia. Kisha Aziza akaletwa tena, tukapiga kifundo kile kile. Niliitoa filamu kwenye dawa nikaiinua kwenye taa nyekundu, nikadhani nimechukua ya zamani. Nikatazama namba. Ilikuwa mpya. Kikombe kile kile, mswaki ule ule, umechanguka zaidi kidogo.

Daktari aliuliza jua wanampa wapi. Bi Mwanaidi akamwambia. Daktari alisimama, akaenda dirishani, akagonga kioo kwa ukucha.

"Kioo, hapana," alisema. "Mwangaza ndiyo. Joto ndiyo. Dawa, hapana."

Bwana Haji alinifafanulia baadaye, bila kunikaripia, na hilo ndilo lililoniuma zaidi. Jua lina miali ya namna nyingi. Inayotuonesha njia na inayopausha mapazia inapita kwenye kioo. Ile inayofanya kazi ngozini haipiti. Mtoto alikuwa amekaa miezi mitatu kwenye mwanga mzuri kabisa usio na faida yoyote kwa mifupa yake, na miezi hiyo ilikuwa ya kunyookea miguu. Ushauri ulikuwa wangu. Nilimwambia Bwana Haji kwamba nitakwenda kumwambia Bi Thuwaiba mwenyewe. Akasema, "Nenda kabla ya chakula cha mchana. Akishashiba atakuwa na nguvu."

Nilisimama ngazini, nikatoa salamu, nikaeleza. Nilisema wazi kwamba nimekosea.

"Kwa hiyo," Bi Thuwaiba alisema, "miezi mitatu ulikuwa unanichemshia mjukuu bure. Kama yai."

"Naam, Bi Mkubwa."

"Na yai lingekuwa limeshaiva."

"Naam."

"Kahawa yangu umekunywa."

"Nimekunywa, Bi Mkubwa."

Mlango wa juu ukasogea. Ilikuwa sauti ya Rukia, imekauka. "Ana muda bado? Hilo tu ndilo nnalotaka kujua. Ana muda, au mifupa imeshakauka?"

Nilimwambia tulivyoona kwenye filamu: mwisho wa mfupa ulikuwa bado mlaini. Muda upo, lakini si wa kuchezea.

"Mama," Rukia akasema, "leo nampandisha paani. Wakisema kaa, nitawaambia ni kaa wangu."

Bi Thuwaiba hakumkataza. Ila alifanya jambo ambalo daktari wala mimi tusingeliweza. Jioni ile alituma salamu nyumba zote tatu zinazotazama paa lake, kwa mabibi wa nyumba hizo, kwamba kuanzia saa nne asubuhi mpaka saa sita mchana mwanamume asipande juu. Hakueleza sababu. Mabibi hawakuuliza. Mwanamume mmoja aliyekuwa na njiwa juu ya paa lake alilazimika kuwalisha alfajiri, na nasikia mpaka alipokufa hakuambiwa kwa nini. Kamba zikafungwa, kanga zikatundikwa pande nne kama kuta, mtoto akavuliwa nguo zote isipokuwa chupi, akawekwa kwenye jamvi.

Masharti tuliyotoa safari hii niliyaandika kwenye karatasi na kuyahakikisha kwa Bwana Haji mara mbili. Ngozi iwe wazi, si nguo, si kioo. Jua liwe juu: kivuli chako kikiwa kirefu kuliko wewe, hilo ni la kuotea baridi tu. Si kumuunguza, akianza kutota jasho, kivulini. Mtoto mweusi zaidi akae zaidi kidogo kuliko mweupe. Na chakulani kiini cha yai, na vibua au dagaa, samaki wenye mafuta, ambao Bi Thuwaiba aliwaita samaki wa maskini mpaka alipoambiwa mafuta ya chupa yanatoka kwa samaki.

Baada ya wiki sita picha ilionyesha mstari mweupe mwembamba kwenye ukingo wa mfupa. Kama hujaona mstari huo hutajua kwa nini mzee mwenye kofia ya viua alimshika mkono muosha filamu gizani akautikisa. Chokaa ilikuwa inafika ukutani. Miezi mitatu baadaye Aziza alisimama kwa kushika kamba ya kanga, akaangusha ukuta mzima wa kanga, na Bi Mwanaidi anasema nyumba zote tatu zilipiga vigelegele. Miguu ilinyooka sehemu kubwa. Kidogo kilibaki, na hicho nakihesabu kuwa changu.

Ningeishia hapo kama Bwana Haji asingenifundisha kutazama pembeni.

Niliendelea kupeleka maziwa nyumba ile. Mtu anayesimama ngazini haoni, anasikia. Niliwajua watu wa mle kwa miguu yao. Bi Thuwaiba alikuwa na zaidi ya miaka sitini. Alipanda ngazi polepole lakini mfululizo. Aziza alipanda kwa magoti na mikono. Na kulikuwa na mtu wa tatu aliyepanda hatua moja, akaileta na mguu wa pili kwenye ngazi ile ile, akasimama, akavuta pumzi, kisha hatua nyingine. Nilidhani kuna bibi mwingine, mkubwa kuliko Bi Thuwaiba. Siku moja nikauliza, "Bi Mkubwa, huyo anayepanda nani?"

"Rukia. Nani mwingine?"

Rukia alikuwa na miaka ishirini na tatu.

Nilimwambia Bi Mwanaidi, naye akamuuliza mbele yangu, mlango ukiwa katikati.

"Mimi siumwi," Rukia alijibu. "Mifupa tu inaniuma. Nyonga, na mbavu nikigeuka. Tangu nilipomzaa huyu."

"Na hukusema?"

"Niseme nini, Bi Mwanaidi? Nani hapa mjini haumwi mgongo? Mtoto alikuwa hatembei, nami nilalamike ngazi?"

"Huko paani ulikuwa unavaa nini?"

"Buibui. Nyumba tatu zinatazama."

Bi Mwanaidi alishuka mpaka nilipokuwa, akakaa kwenye ngazi. Alikuwa mwanamke mnene, na hakuwa na kawaida ya kukaa. "Tumempa mtoto jua," alisema, "mama tukamfanya mwamvuli."

Kwa picha ya nyonga, aliyemlaza Rukia mezani alikuwa Bi Mwanaidi mwenyewe, na Bwana Haji alibonyeza kitufe akiwa nyuma ya ukuta. Mimi nilikuwa kwenye chumba changu cha giza. Iliponifikia niliiosha kwa uangalifu kuliko yoyote niliyowahi kuosha. Mifupa ilikuwa hafifu, imefifia kama maandishi yaliyolowa, na kila upande wa nyonga kulikuwa na mstari mweusi mwembamba, kama ufa wa nyumba inayotaka kushuka. Mwanamke huyo alikuwa amempa mtoto chokaa yake tumboni, akampa nyingine kwa maziwa, na hakuna aliyemrudishia. Daktari hakutumia hata maneno matatu. Alionyesha uwazi wa nyonga, mahali mtoto anapopitia, akaubana kwa vidole viwili. Tukafahamu. Ikiendelea hivi, uzazi mwingine unaweza kumuua.

Bi Mwanaidi aliyapeleka maneno hayo kama yalivyo, bila kuyapaka sukari. Mimi nilikuwa mahali pangu ngazini.

"Avue paani?" Bi Thuwaiba aliuliza. "Mke wa mwanangu?"

"Mikono na miguu, Bi Mkubwa. Ndani ya kuta za kanga. Nusu saa."

"Sitaki," Rukia alisema. "Mtoto ni mtoto. Mimi siwezi. Watanichungulia wanawake wale, watasema..."

"Watasema nini?" Bi Thuwaiba alimkatiza. Nilisikia kiti kikisogea, kisha ile miguu ya polepole isiyosimama. "Mimi nina miaka yote hii, na mikono yangu imekunjana kama ngozi ya maziwa. Nitakaa mimi kwanza, nimevua mpaka mabegani. Wakimaliza kunicheka mimi, watakuwa hawana pumzi ya kukucheka wewe. Haya, twende."

Kilichotokea paani sikukiona na sitajifanya nilikiona. Bi Mwanaidi alinisimulia kwamba wiki ya kwanza walikuwa wawili. Wiki ya pili bibi wa nyumba ya jirani aliuliza kwa kuvuka paa ni dawa ya nini. Alipoambiwa ya mifupa, akasema yeye magoti yake hayamlazi, akaja na jamvi lake. Mwisho wa kaskazi walikuwa wanawake tisa, na mambo yaliyozungumzwa huko Bi Mwanaidi alikataa kunisimulia. Tulipata pia chupa za mafuta, mbili, na zote tulimpa Rukia.

Siku hizi nasikia vitamini D inasifiwa kwa kila kitu, moyo, sukari, hata huzuni. Labda. Wanaojua zaidi yangu watasema. Nilichokiona kwa macho yangu ni mifupa, na vifua vya watoto vilivyoacha kukohoa mbavu zilipokaza. Na niliona kwamba ugonjwa huu katika kisiwa chenye jua mwaka mzima hauji kwa kukosa jua. Unakuja na ukuta, na nguo, na hofu, na maneno ya watu. Ukimwandikia mgonjwa jua bila kwenda kuona nyumba yake, umemwandikia kioo.

Picha ya tatu ya nyonga za Rukia tulipiga baada ya karibu mwaka. Nyufa zilikuwa zimefungwa, zimeacha kovu jeupe. Bi Mwanaidi aliniambia Rukia mwenyewe ametaka kuiona, basi Bwana Haji akanipa bahasha niipeleke. Nilinyoosha mkono nikaipitisha kwenye mwanya wa mlango, ikapokewa. Nikasikia filamu ikitikiswa, kisha ikainuliwa kwenye mwanga.

"Ndiye mimi huyu?"

"Ndiye wewe, Bi Rukia."

"Naye kijana huyu keshakuona mpaka mifupa," Bi Thuwaiba alisema kutoka ndani, "mara tatu. Na uso bado unamfichia."

"Mifupa haina haya, mama. Uso unayo."

Wote wawili wakacheka, na mimi ngazini nikacheka. Kutoka paani sauti ya mtoto ikaita kwamba ukuta wa kanga umeanguka tena.

"Nnakuja!" Rukia akajibu. Akaanza kupanda. Niliacha kucheka nikasikiliza. Mguu mmoja, ngazi moja. Mguu wa pili, ngazi ya pili. Orofa ya pili, orofa ya tatu. Hakusimama mahali popote. Juu kabisa mlango wa paa ukafunguliwa, mwanga ukashuka ngazini mpaka nilipokuwa.